Mlikaa Kinyumba, Mkaachana: Shamba Ni la Nani?

"Hukutolewa mahari, beba nguo zako uende kwenu." Hayo ndiyo maneno anayoweza kuambiwa mwanamke aliyelima na mwenzake miaka 10 huko Kasulu au Kibondo mkoani Kigoma, bila harusi ya kanisani, msikitini wala bomani. Anayeyasema hudhani sheria iko upande wake. Haiko.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mke na mume, huhesabiwa kuwa wameoana. Hiyo ndiyo dhana ya ndoa. Miaka peke yake haitoshi. Majirani nao wawe wanawajua hivyo. Tena dhana hiyo hupingika, kwa mfano ikithibitika kuwa mmoja wao ana ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa.

Hata ikipingwa ikaanguka, mambo hayaishii hapo. Mwaka 1994, katika shauri la Hemed Tamim na Renata Mashayo, Mahakama ya Rufani ilisema waliochuma nyumba wakiishi kama mke na mume wanaweza kugawiwa, ijapokuwa dhana ya ndoa imeshindwa.

Kugawa kunaongozwa na kifungu cha 114 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa. Hutazamwa mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha naye akazitumia vibaya. Kwa hiyo usitarajie nusu kwa nusu bila ushahidi.

Kwa wakulima wa nyanda za juu za Kigoma, ugomvi mkubwa ni ardhi. Shamba likiwa bado la baba mkwe au la ukoo, halimo katika mali ya kugawana. Likiwa ni la mwanamume tangu kabla hamjakutana, nanyi mkapanda kahawa na migomba au mkajenga nyumba ya matofali, kifungu hichohicho kinalihesabu, mradi limeendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa jasho la mwenzake au la wote wawili. Mlilonunua pamoja ni la wote, hata kama karatasi ina jina moja, mradi mchango uthibitike.

Ushahidi ni huu: mwenyekiti wa kitongoji, majirani waliowaona mkilima, karatasi ya mauziano, risiti za mabati na saruji. Anzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa katika kata yako, kisha uende Mahakama ya Mwanzo. Nayo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa.

Nanyi mnaoishi vizuri leo, msingoje ugomvi. Mkinunua shamba, andikeni majina yote mawili kwenye karatasi ya mauziano mbele ya mashahidi. Mkiomba hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, ombeni kwa majina mawili pia. Karatasi hizo zitamlinda yule atakayeambiwa abebe nguo zake.