Kaizari Redioni: Roma Hujengwaje bila Picha?

Je, wajua kwamba Julius Kaizari akichomwa kisu redioni, kinachoumia mara nyingi ni kabichi? Fundi wa sauti huidunga karibu kabisa na maikrofoni, na mkwaruzo wa majani yanayokatika hulifikia sikio kama chuma kinachopenya nyama. Farasi wa jeshi la Roma ni vifuu viwili vya nazi vinavyogongwa juu ya changarawe. Nyumba inayoteketea ni karatasi ya nailoni inayofinyangwa taratibu mkononi.

Kigumu zaidi ni hesabu ya watu. Mwanahistoria Suetonius aliandika kwamba Kaizari, aliyeuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo, alipata majeraha 23, na kwamba waliokula njama walizidi 60. Jukwaani watu 60 waliojitanda toga huonekana kwa mara moja. Redioni, asiyesema hayupo. Kwa hiyo njama nzima hupunguzwa ikabaki midomo michache, kila mmoja na sauti yake: Brutus mzito wa kusema, Cassius mwepesi wa ulimi. Majina nayo hutajwa mara nyingi kuliko katika maongezi ya kawaida, ili anayesikiliza huku akimenya mihogo asipotee njia.

Mahali huundwa kwa mwangwi. Ukumbi wa mawe huirudisha sauti, uwanja wazi huimeza. Maneno yaleyale yakiongezewa mwangwi hutoka barabarani yakaingia barazani kwa maseneta bila mtu kutangaza kwamba wamefika. Mwigizaji akiikaribia maikrofoni na kunong'ona, msikilizaji anajua anasikia mawazo ya mtu. Akigeuza uso na kurudi hatua mbili nyuma, tayari yuko mbali.

Ujuzi huu una umri wa karne moja. BBC ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze matangazo iliporusha vipande vya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, tarehe 16 Februari 1923. Nchini Marekani, Orson Welles aliurusha mchezo huohuo kupitia CBS tarehe 11 Septemba 1938, akamweka H. V. Kaltenborn, mtangazaji wa habari aliyejulikana, asimulie mauaji ya Kaizari kana kwamba ni taarifa ya siku hiyo. Wiki saba baadaye Welles aliurudia mtindo huo wa taarifa ya habari katika mchezo wa uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi, na baadhi ya wasikilizaji wakashikwa na hofu ya kweli.

Wasomaji wa Kiswahili walimpata Kaizari mwaka 1963, Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanganyika, alipochapisha tafsiri yake. Humo mna tukio fupi lililotokana na historia: baada ya mauaji, umati wenye hasira unakutana na Cinna mshairi na kumuua, kwa sababu jina lake ni sawa na la mmoja wa wala njama. Mtu wa Bule, katika vilima vya Djugu kaskazini mashariki ya Bunia, huko mashariki mwa Kongo, hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Kambi ya waliokimbia makwao ya Plaine Savo, iliyo hapo Bule, ilishambuliwa Februari 2022, na waliouawa walizidi 60.

Lakini je, mchezo wa kusikia tu unaweza kubadili mwenendo wa watu? Afrika Mashariki ni kati ya sehemu ambako swali hilo limepimwa kwa makini. Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, mchezo wenye dereva wa lori mlevi wa starehe aitwaye Mkwaju, matangazo ya Dodoma yaliachwa nje hadi 1995 ili watafiti wapate pa kulinganishia. Walikosikia mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi.

Rwanda ilianza Musekeweya mwaka 2004, hadithi ya vijiji viwili vya kubuni vinavyogombana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aligawa wasikilizaji katika makundi: wengine wasikilize mchezo huo, wengine mchezo wa afya. Mwishoni kila kundi lilipewa redio ya kaseti pamoja na kaseti za mchezo, watumie kwa pamoja. Makundi ya mchezo wa afya yalielekea kumwachia kiongozi wa mtaa aitunze. Kwa waliosikiliza Musekeweya, watu walibisha, wakajadiliana, wakapendelea kuisimamia wenyewe. Imani zao za moyoni, hata hivyo, zilikuwa zimebadilika kidogo tu.

Matokeo ya mashariki mwa Kongo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yanashangaza zaidi. Kwa mwaka mmoja mchezo wa redio uhusuo migogoro ulirushwa kote katika maeneo ya utafiti, lakini baadhi ya maeneo hayo yaliongezewa kipindi cha maongezi kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane. Kisha watu walipewa chumvi na kuulizwa kama wangeigawa kwa jamii wasiyoipenda. Waliosikia kipindi cha nyongeza walijadiliana zaidi, kweli, lakini walikumbuka zaidi machungu yao, wakapungua uvumilivu, na wakawa wazito zaidi kuitoa chumvi ile kuliko waliosikia mchezo peke yake.

Kituo cha Bunia kitakachotaka kumpeleka Cinna hewani kitalazimika kuamua mapema kama simu zifunguliwe baada ya kipindi, na nani akae kuzipokea.