Kalamu iliyokaukiwa na wino

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapa Kalemie, mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika, akatangaza kwamba ameona mlango wa maji ya ziwa. Miaka miwili baadaye akaja mpelelezi Stanley, akakuta mlango wenyewe umezibwa na matope na matete. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore akaukuta mto unateremka kwa kasi. Hakuna aliyeuchimba. Ziwa lilijaa, maji yakalainisha kizuizi, yakajipitia.

Kisa hicho hunijia kila ninapoletewa kalamu ya wino iliyoziba, maana mara nyingi mwenyewe huwa ameshaichokoa kwa pini. "Nimeizibua, lakini sasa inakwaruza karatasi." Itaachaje kukwaruza? Ule ufa wa katikati ya nibu, pale nchani, ni mwembamba kuliko unywele. Pini ikipita, kingo hupanuka na hazirudi tena.

Wino uliokauka si uchafu. Ni wino uliopoteza maji. Kalamu ikiachwa bila kifuniko wakati wa kiangazi, maji huondoka na rangi hubaki imeganda kwenye vijito vilivyo chini ya nibu, ambamo wino hushuka na hewa hupanda. Basi rudisha maji, tena polepole.

Fungua kalamu, toa katriji au pampu, kisha simamisha sehemu ya mbele kwenye glasi ya maji baridi yanayoifunika nibu. Iache usiku kucha, na maji yakigeuka rangi yabadilishe. Kipira kile cha kunyonya kamasi za mtoto, kinachouzwa famasi, ni chombo bora kwa kazi hii: kibane nyuma ya sehemu hiyo, usukume maji yapite taratibu hadi yatoke meupe. Kalamu ya pistoni usiifungue, ivutishe maji kwa nibu na kuyatema, mara ishirini ikibidi. Na ile ya zamani yenye mfuko wa mpira ndani usiizamishe yote.

Maji gani? Hapa Kalemie swali hili lina uzito. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa huondoka kwa jua, si kwa Lukuga, kwa hiyo chumvi zake hubaki na kujilimbikiza, na pH yake inakaribia 9. Acha bakuli la maji hayo likauke, utaona ukungu mweupe chini. Kwa wino wa kawaida yatafaa kuanzia, lakini msuuzo wa mwisho uwe wa maji ya mvua. Kwa wino wa chuma, ule wa madaftari ya serikali unaozidi kuwa mweusi ukikaa, usiyatumie kabisa: katika maji kama hayo chuma hugeuka mashapo mfano wa kutu, ukawa umeziba ulichotaka kuzibua. Huo ulainishe kwa siki kidogo iliyozimuliwa mara kumi kwa maji ya mvua, kwa muda mfupi, kisha suuza sana.

Rangi sugu isiyotii maji huachia kwa amonia ya nyumbani, sehemu moja kwa kumi za maji, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Isikutane kamwe na javeli, dawa ya kupaushia nguo: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na javeli peke yake hula nibu ya chuma. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki, na pombe kali huharibu seluloidi. Maji ya moto nayo hugeuza eboniti nyeusi ya kalamu za wazee kuwa ya kahawia.

Kuna wino mmoja unaoshinda yote haya, nao ni ule mweusi wa kuchorea ramani. Umechanganywa na gundi isiyorudi majini ikishakauka, na haukutengenezewa kalamu hizi. Aliyeutia ampelekee fundi kalamu yake, na asikasirike akiambiwa imekufa.

Ukimaliza, simamisha nibu juu ya karatasi laini. Karatasi itavuta maji yenyewe. Ikiacha kupata rangi, iache kalamu siku nzima kivulini. Ukiijaza, mistari ya kwanza itatoka hafifu kwa sababu maji kidogo bado yamo kwenye vijito. Andika majina ya watoto wa jirani, nusu ukurasa, hadi weusi urudi.