Melissa Hortman, mbunge wa Brooklyn Park

Melissa Hortman aliingia katika Bunge la Jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwaka 2005, baada ya kugombea na kushindwa mara mbili, mwaka 1998 na 2002. Alidumu humo miaka ishirini, na sita kati ya hiyo alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Nje ya Minnesota wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku alipouawa, Juni 14, 2025. Lakini anayetaka kujua mbunge wa jimbo hufanya nini hasa, na ana nguvu kiasi gani, atapata mengi zaidi katika kazi aliyoifanya kabla ya siku hiyo.

Kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani lina bunge lake, mbali na lile la Washington. La Minnesota, lenye makao yake Saint Paul, lina maseneta 67 na wawakilishi 134. Kila eneo la seneta hugawanywa sehemu mbili, upande A na upande B, na kila upande humchagua mwakilishi wake kwa miaka miwili tu. Vikao si vya mwaka mzima: havizidi siku 120 katika miaka miwili, na ikifika katikati ya Mei lazima Bunge liahirishwe. Ndiyo maana wabunge wengi wana kazi nyingine ya kujipatia riziki. Msomaji wa Kenya akidhani ni kitu kama bunge la kaunti atakuwa amekosea kwa mbali. Jimbo la Marekani hutunga sheria zake za jinai, za ndoa, za shule, za kazi na za leseni, na hutoza kodi yake ya mapato. Mambo mengi yanayomgusa mwananchi tangu anapoamka hadi anapolala huamuliwa huko, ingawa kamera za dunia ziko Washington.

Brooklyn Park, mji aliouwakilisha, uko kando ya Mto Mississippi, kaskazini magharibi mwa Minneapolis, na una wakazi zaidi ya 80,000. Ni mji wa wahamiaji. Waliberia wapo wengi, Wahmong kutoka Asia ya Kusini-Mashariki wapo, na Wakenya wapo pia. Eneo jirani la 38A lilimchagua Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kupata kiti katika bunge hilo. Hortman mwenyewe alikulia katika vitongoji vya upande huo huo wa kaskazini, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha akaanza kazi kwa kuwatetea wapangaji wasio na uwezo wa kulipa wakili. Mwenye nyumba aliyembagua mpangaji alikutana naye mahakamani.

Shughuli zake za kijamii hazikuwa za kukata utepe mbele ya wapiga picha. Alifundisha watoto mafundisho ya dini Jumapili kanisani, alipenda bustani, na pamoja na mumewe, Mark, alijitolea katika shirika la Helping Paws, linaloandaa mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu na wanajeshi wastaafu wenye majeraha ya akili yaliyotokana na vita. Kazi hiyo si ndogo. Aliyejitolea hupewa mtoto wa mbwa, humlea nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka miwili, na humpeleka darasani kila wiki ili ajifunze kuvuta mlango, kuwasha taa, kuokota funguo zilizoanguka. Mbwa akishahitimu, hukabidhiwa anayemhitaji, na mlezi hubaki na kamba mkononi. Gilbert, mmoja wa waliolelewa na akina Hortman, hakufuzu. Alipenda mno watu kiasi cha kusahau kazi, basi akabaki kuwa mbwa wa nyumbani.

Bungeni, sheria iliyomjengea jina ni ile ya nishati ya jua ya mwaka 2013. Iliyataka makampuni makubwa ya umeme yapate asilimia 1.5 ya umeme yanaouuza kutokana na jua ifikapo 2020, na ikaanzisha utaratibu wa mashamba ya jua ya jamii. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Familia inayoishi katika fleti haina paa lake la kuwekea paneli. Basi inanunua fungu katika shamba la paneli lililoko mahali pengine. Umeme wa shamba huingia katika gridi ya kampuni ya umeme ya Xcel Energy, na thamani ya fungu la familia ile hupunguzwa kwenye bili yake ya mwezi. Minnesota, yenye majira marefu ya theluji, ikawa kwa muda miongoni mwa majimbo yaliyotangulia nchi nzima katika mpango wa aina hiyo. Xcel ililalamika kwamba gharama zinawaangukia wateja wasio na fungu, na wala malalamiko hayo hayakuwa ya kupuuzwa. Mwaka 2023 Bunge liliurekebisha mpango ili unufaishe zaidi kaya za kipato cha chini na cha kati.

Hakuwa mtu wa kupaza sauti, ila hakuwa mtu wa kumeza maneno. Aprili 2017, akiwa kiongozi wa upinzani, aliona wabunge wenzake wanawake, baadhi yao weusi, wakihutubia ukumbi huku wanaume kadhaa wakicheza karata katika chumba cha mapumziko. Akaomba wote waitwe ukumbini, akawataja hao wacheza karata kuwa ni wanaume weupe watupu. Alipotakiwa aombe radhi, alikataa.

Kilele cha kazi yake kilikuwa mwaka 2023. Chama chake, Democratic-Farmer-Labor, kwa kifupi DFL, kilikuwa na viti 70 dhidi ya 64 katika Baraza lake, lakini katika Seneti kilitangulia kwa kiti kimoja tu, 34 kwa 33. Seneta mmoja akipata mafua, muswada unakwama. Hazina ya jimbo ilikuwa na ziada ya takriban dola bilioni 17.5. Spika wa huko ni kiongozi wa chama chenye wingi, tofauti na Spika wa kukaa katikati tuliyemzoea Afrika Mashariki: ndiye anayeamua muswada gani uje ukumbini na lini. Hortman alisifika kwa kujua hesabu ya kura kabla mjadala haujaanza.

Sheria zilizopita mwaka huo zilikuwa nyingi hata wapinzani walilalamika kwamba zinakimbizwa. Umeme wote utokane na vyanzo visivyotoa kaboni ifikapo 2040. Leseni ya udereva itolewe bila kuulizwa hati za uhamiaji, jambo kubwa kwa mji kama Brooklyn Park, ambako bila gari kazini hapafikiki kwa urahisi. Waliofungwa kwa makosa makubwa wapige kura mara wanapotoka gerezani. Wanafunzi wote wapewe kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni bure; awali mzazi mwenye shida alipaswa kujaza fomu ya kueleza umaskini wake, na wengi waliona haya kuijaza. Gharama ya chakula hicho ilizidi makadirio, na Warepublican hawakuacha kuikumbusha. Na iko likizo yenye malipo, hadi wiki 12 za kuugua na wiki 12 za kulea au kuuguza, jumla isizidi 20 kwa mwaka, kutoka mfuko unaochangiwa na mwajiri na mfanyakazi. Tangu zamani jukumu la kulea na kuuguza lilibebwa na familia peke yake, au na fadhila za tajiri.

Uchaguzi wa 2024 ukageuza mambo. Viti viligawanyika 67 kwa 67. Kisha mahakama ikaamua kwamba mshindi mmoja wa DFL hakuwa mkazi wa eneo lake, na Warepublican wakataka kuliendesha Baraza kwa wingi huo wa muda. Wabunge wa DFL wakasusia kwa wiki tatu na ushee, mpaka Februari 2025 yalipofikiwa makubaliano: Lisa Demuth wa Republican akawa Spika, na kamati zikapangwa kuongozwa kwa pamoja pale sare itakaporudi. Hortman akaachia kiti cha Spika.

Likabaki suala la bajeti, ambayo isipopita kabla ya Julai 1 ofisi za serikali hufungwa. Warepublican waliweka sharti. Wahamiaji watu wazima wasio na hati waondolewe katika MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, ambayo chama cha Hortman kiliwafungulia mwaka 2023. Watoto wangebaki. Juni 9 muswada ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65. Katika upande wa DFL wa Baraza aliyeuunga mkono ni mtu mmoja tu, Hortman, aliyekuwa ameyabeba mazungumzo na kuahidi kwamba kura itapatikana. Baadaye alizungumza na waandishi wa habari huku akilia. Kura hiyo inaweza kulaumiwa, na ililaumiwa. Hata hivyo aliipiga mwenyewe, hakumtafuta mbunge mchanga wa kumtwisha.

Siku tano baadaye mtu aliyevaa kama polisi alimuua yeye na Mark nyumbani kwao. Gilbert naye hakupona. Usiku huo huo seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi, wakanusurika. Mwili wa Hortman ulilazwa chini ya kuba la jengo la Bunge, heshima ambayo kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kupewa Minnesota. Septemba wapiga kura wa eneo lake, la 34B, walimchagua Xp Lee wa DFL, aliyekuwa diwani wa Brooklyn Park, na sare ya 67 kwa 67 ikarudi. Januari 1, 2026 malipo ya likizo yalianza kutolewa, na siku hiyo hiyo bima ya wahamiaji wale ikawa imekoma.