Shilingi Elfu Moja ya Mtoto

Huduma za makuzi ya mtoto katika kijiji kama Kimali, mkoani Simiyu nchini Tanzania, hugharimiwa hasa na mifuko miwili ya umma. Mfuko wa kwanza ni Serikali Kuu, inayolipa mishahara ya wauguzi na walimu, na tangu 2016 inagharimia elimu bila ada kuanzia darasa la awali. Kwa kaya maskini kuna ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambayo sehemu yake hutolewa kwa sharti kwamba watoto wapelekwe kliniki na wahudhurie shule.

Mfuko wa pili ni mapato ya ndani ya halmashauri. Humo ndimo zinamotoka fedha za lishe: angalau Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa kusimamia lishe Desemba 2017, na mkataba mpya ukasainiwa Septemba 2022. Kwa kiwango hicho cha Sh 1,000, halmashauri yenye watoto 50,000 hutakiwa kutenga Sh milioni 50.

Hata hivyo, kutenga si kutoa. Simiyu ni mkoa wa pamba, na ushuru wa zao hilo ni tegemeo la halmashauri zake. Mwaka 2017 sheria ilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Mvua ikikatika au bei ikianguka, makusanyo hupungua, na fedha za lishe huchelewa.

Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto hadi miaka minane. Inaunganisha afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Kila sekta huchangia kutoka bajeti yake.

Afya ya akili ya mtoto haina kiwango chake cha fedha kama lishe. Ipo sheria ya afya ya akili ya mwaka 2008, lakini gharama za huduma hiyo zimo ndani ya bajeti ya jumla ya afya na mishahara ya maofisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo, wakati madiwani wanapopitisha bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1, fedha za lishe huweza kupimwa kwa idadi ya watoto, ilhali huduma ya afya ya akili hugombea nafasi na mahitaji mengine ya afya.