Hugo Pratt: Mchoraji Aliyekuja Kuwa Mwandishi

Katika sanaa ya hadithi za picha kazi aghalabu hugawanywa baina ya watu wawili: mmoja hutunga kisa na kuandika maneno ya wahusika, wa pili huchora. Hugo Pratt, Mwitalia aliyezaliwa Rimini tarehe 15 Juni 1927 na kukulia Venice, alianza kama mchoraji wa visa vya wenzake, akamaliza akiwa ameziunganisha kazi zote mbili mkononi mwake. Namna alivyofika hapo ndiyo inayoeleza tabia ya utungaji wake.

Mwaka 1937 alipelekwa Uhabeshi, nchi ambayo Italia ilikuwa imeiteka mwaka uliotangulia, na ambako baba yake alikuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni. Utawala huo ulianguka mwaka 1941. Baba alifariki mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita. Mama na mwana walizuiliwa kambini Dire Dawa, kisha wakarudishwa Italia mwaka 1943. Yafaa jambo hili lishikwe tangu mwanzo: Pratt aliijua Afrika kwanza kama mtoto wa mtawala, halafu kama kijana wa upande ulioshindwa.

Vita vilipokwisha alijiunga na vijana wenzake wa Venice, miongoni mwao Mario Faustinelli na Alberto Ongaro, wakatoa gazeti la hadithi za picha mwaka 1945. Mwalimu wake wa mbali alikuwa Mmarekani Milton Caniff, ambaye michoro yake ilimfundisha kuacha mistari mingi midogo na kutumia weusi mzito wa wino kugawa nuru na kivuli.

Mwaka 1949 alihamia Ajentina, na huko alikutana na mwandishi Héctor Germán Oesterheld. Pamoja walitoa Sgt. Kirk mwaka 1953, hadithi ya askari wa Kimarekani aliyelikimbia jeshi baada ya mauaji ya wenyeji wa asili, na Ernie Pike mwaka 1957, hadithi za mwandishi wa habari za vita ambaye Pratt alimchora kwa sura ya Oesterheld mwenyewe. Katika visa hivyo adui si shetani wala askari wa upande wa pili si malaika. Kila mmoja ni mtu aliyefikwa na vita. Hapana shaka funzo hilo la mwandishi lilimwingia mchoraji. Oesterheld mwenyewe alitoweka mwaka 1977, akiwa mmoja wa wengi walionyakuliwa na utawala wa kijeshi wa Ajentina.

Mwaka 1959 Pratt alitoa hadithi yake ya kwanza aliyoitungia maneno mwenyewe, Ann y Dan, iliyowekwa Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mkono wa mchoraji humo umekomaa, lakini mwandishi bado ni mwanafunzi. Mashujaa ni vijana wa Kizungu, na bara lenyewe ni uwanja wa safari zao. Mtoto wa mtawala hajaondoka bado.

Alirudi Italia mwaka 1962, akafanya kazi katika gazeti la watoto Corriere dei Piccoli. Mageuzi yalikuja Julai 1967, pale Florenzo Ivaldi wa Genova alipoanzisha gazeti lililoitwa Sgt. Kirk, na ndani yake ikaanza Una ballata del mare salato. Msimulizi anayeifungua hadithi hiyo si mtu, bali ni Bahari ya Pasifiki yenyewe. Baharia Corto Maltese, atakayekuwa maarufu kupita wahusika wote wa Pratt, anaonekana kwanza akiwa amefungwa kwenye chelezo katikati ya maji. Kisa kinapita kurasa 150, urefu usio wa kawaida kwa sanaa hii wakati ule. Ndani yake mtunzi anathubutu kunyamaza: maneno hukoma, na picha za mawimbi na ndege zikaendelea peke yake. Mwandishi anayemwandikia mchoraji mwingine huona taabu kumwachia ukimya wa namna hiyo. Anayejichorea mwenyewe anajua mkono wake utasema nini.

Kuanzia mwaka 1970 Corto alihamia Ufaransa katika gazeti Pif, kwa visa vifupi vya kurasa 20. Miongoni mwake ni vile vilivyokusanywa kwa jina Le Etiopiche. Humo yumo Cush, mpiganaji Mwislamu wa Pembe ya Afrika, ambaye si mtumishi wala kiongozi wa njia. Humjibu Corto kwa ukali, ana hoja zake juu ya dini na uhuru, na mara kwa mara neno lake ndilo linalobaki. Ukimlinganisha na Waafrika wa Ann y Dan, utaona umbali ambao mtunzi alikuwa ameukata.

Hata hivyo haifai kumsifu kupita kiasi. Kisa kimojawapo kinafanyika Rufiji, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kinahusu chama cha siri cha watu-chui. Habari za vyama hivyo ni mashuhuri zaidi Kongo na Afrika Magharibi. Msomaji wa Kiswahili anayeujua mto ule atatambua jina lake, lakini atapata shida kuwatambua watu wake. Pratt aliipa Afrika sauti, ila lugha na desturi za mahali alizikusanya kama msafiri, si kama mwenyeji.

Kazi yake aliiita fasihi iliyochorwa. Mwaka 1976 tamasha la Angoulême, Ufaransa, liliituza ile hadithi ya bahari, naye alifariki Uswisi tarehe 20 Agosti 1995. Tangu mwaka 2015 Corto ameendelezwa na Juan Díaz Canales kwa maneno na Rubén Pellejero kwa michoro. Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja imerudi mikononi mwa wawili.