Mafuta ya petroli yakipungua, amani yetu inaguswa namna gani?



Wengi hufikiri kwamba kupungua kwa mafuta ya petroli duniani ni shida ya nchi tajiri zenye magari mengi. Lakini mvuvi wa Tchomia au Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, ananunua esansi kwa ajili ya injini ya mtumbwi wake, na chumvi ya kukaushia samaki inafika kwa lori la mazuti. Asiye na gari naye analipa.

Mafuta yanapungua namna gani?

Kisima hakikauki kwa siku moja. Uzalishaji hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka kidogo kidogo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, M. King Hubbert, alisema uzalishaji wa nchi yake ungefika kileleni karibu na mwaka 1970, na ndivyo ilivyokuwa. Baadaye ufundi mpya wa kupasua miamba uliupandisha tena, ukapita kiwango kile mwaka 2018. Kwa hiyo mafuta hayaishi kesho. Yanayopungua ni yale rahisi kuchimbwa. Yanayobaki yanataka fedha nyingi, na yanatafutwa mahali ambapo zamani hapakujaliwa.

Bei ikipanda

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao. Pipa lililouzwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Viwanda vya nchi tajiri vilidhoofika, vikanunua shaba kidogo. Bei ya shaba ilianguka, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoizamisha Zaire katika madeni. Februari 2008, bei zilipokuwa zikipanda tena, mgomo wa madereva nchini Kamerun juu ya bei ya mafuta uligeuka machafuko, na watu wakauawa. Julai mwaka huo pipa lilifika dola 147.

Fundisho la Rukwanzi

Mwaka 2006 ilijulikana kwamba upande wa Uganda wa Ziwa Albert una mafuta ya kutosha kuuzwa. Kisiwa kidogo cha Rukwanzi, makao ya wavuvi, ghafla kikawa na thamani, na kila nchi ikasema ni chake. Agosti 2007 wanajeshi wa Kongo na wa Uganda walipigana, na mfanyakazi mmoja wa kampuni iliyotafuta mafuta akauawa. Wakati huo Ituri ilikuwa bado inauguza vidonda vya vita vya 1999 hadi 2003.

Septemba 2007 marais Joseph Kabila na Yoweri Museveni walitia sahihi mapatano huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kuhusu mpaka na mafuta ya pamoja. Hata hivyo, mwezi huohuo raia wengine waliuawa ziwani. Mapatano ya wakubwa yalikuwa hayajafika mwaloni.

Mashindano hayajaisha

Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa Hifadhi ya Virunga. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024. Tena, dunia inapotafuta kuacha mafuta na kutumia magari ya betri, inahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Tukiponea upande wa mafuta, tunaguswa upande wa madini.

Tufanye nini?

Kazi ya amani ianze kabla ya mashine kufika. Kwanza, mpaka wa ziwani ujulikane kwa wavuvi wa pande zote mbili, si kwa wanajeshi peke yao. Mtu asifungwe wala kupigwa risasi kwa kuvuka mstari asiouona. Pili, wakaaji waelezwe kwa lugha wanayoisikia nani amepewa kibali, kwa muda gani, na nini kitabaki kijijini. Penye siri, uvumi hupata nafasi, na uvumi umekwisha kutuulia watu Ituri. Tatu, kamati za wavuvi wa ng'ambo zote mbili zikutane wakati wa utulivu, ili siku ya ugomvi wawe wanajuana.

Bei ya pipa hatuwezi kuipanga sisi. Kukaa pamoja na jirani wa ng'ambo tunaweza, na tusingoje risasi ya kwanza.