Kiondo cha Mwala kwenye foleni ya simu

Kilichonisumbua ni neno moja chini ya picha ya kiondo. Kiondo chenyewe kilikuwa cha mkonge, mistari ya kahawia na nyeusi, mshipi wa ngozi, kazi ambayo yeyote aliyekulia Ukambani huitambua kwa mbali. Mahali pa kuandika chapa paliandikwa: Generic. Ndilo neno linalobandikwa kwenye duka la mtandaoni la Jumia bidhaa ikikosa chapa yake, iwe kebo ya simu au kifuniko cha sufuria. Nikaanza kujiuliza ni nani anayeandika matangazo haya, na kwa nini kiondo kimoja hutokea juu mtu akitafuta, huku kingine, pengine kizuri zaidi, kikizikwa kurasa za nyuma.

Mjini Machakos nilimpata mama anayeifanya kazi hiyo. Aliomba nisitaje jina lake. Huuza vyondo vya vikundi vya akina mama wa Mwala na Masii, na muda wake mwingi huishia kwenye daftari la shule lenye mistari. Mteja akimpigia simu au akimtumia ujumbe, yeye hunakili maneno ya mteja kama yalivyo, bila kuyasahihisha. Kushoto huandika alichoulizwa, kulia huandika kilichonunuliwa.

Daftari hilo ningelisoma mchana kutwa. Kuna "kiondo", kuna "kyondo" ya Mkamba na "ciondo" ya Mkikuyu. Kuna "kikapu cha soko", "sisal bag", "mkoba wa mkonge", "basket ya maua", "kiondo ya ruracio" (yaani ya sherehe ya mahari), "kitu ya kuweka nguo chafu lakini isiwe plastiki". Mmoja alitaka kiondo cha kubebea kompyuta. Mama ananionyesha kwa kidole: anayeandika "kiondo" anakijua anachokitaka na atavutana bei mpaka jioni. Anayetafuta chombo cha nguo chafu hajui kwamba kiondo kikubwa kinamfaa, na akikiona huwa hana maneno mengi. Kwa hiyo vyondo vikubwa vina tangazo lao, lenye maneno ya mteja huyo wa pili.

"Mashine haioni kiondo, mwanangu. Inasoma tu," aliniambia.

Zamani tangazo lake lilianza kwa kusifu: mkoba mzuri wa Kiafrika, ubora wa hali ya juu. Hakuna anayetafuta ubora wa hali ya juu, anasema, watu hutafuta kitu. Siku hizi maneno ya kwanza ni jina la kitu, kilichotumika kukisuka, ukubwa na rangi: kiondo cha mkonge, mshipi wa ngozi, inchi 12, kahawia. Sifa akiziweka huziweka chini, kwa sababu kioo cha simu hukata kichwa kirefu. Picha ya kwanza ni ya kiondo peke yake mbele ya shuka jeupe. Ya pili kiko begani mwa mtu, ili mnunuzi apime ukubwa kwa macho.

Hayo humfikisha mlangoni tu. Ukishalingana na maneno ya mnunuzi, unapangwa foleni, na foleni ina mizani yake: waliobonyeza, walionunua, nyota za wateja, kama mzigo upo, kama unafika haraka. Na pesa. Jiji, tovuti ya matangazo iliyochukua biashara ya OLX hapa Kenya mwaka wa 2019, huuza nafasi za juu waziwazi, na wenzake wengi hufanya vivyo hivyo. Mama hulipia mara chache, mwisho wa mwezi watu wakishapokea mshahara.

Mtihani wake mkubwa uko kwingine. Kiondo cha mkono hakina pacha. Uzi wa mkonge umesokotwa juu ya paja, umetiwa rangi kwenye sufuria ya nyumbani, na mistari hufuata mkono wa msusi. Akikitangaza peke yake kikauzwa, tangazo linakufa pamoja na nyota zake, na kinachofuata huanza upya mwisho wa foleni. Kebo ya simu huuzwa mara elfu chini ya tangazo lile lile. Akaamua kuweka tangazo moja lenye saizi na rangi ndani yake ili maoni yote yarundikane pamoja. Ili hilo liwezekane, aliwaomba akina mama wasuke mtindo mmoja, mara kwa mara, kwa vipimo.

Wengi walikubali, kwani mauzo yalipanda. Msusi mmoja mzee bado huleta anachokitaka yeye: kijani, zambarau, michoro inayobadilika katikati ya safari. Kazi ya kustaajabisha. Haina tangazo la kuingia.

"Mama yule akiniuliza mbona chake hakiendi, nimwambie nini?" Sikuwa na jibu, na sina. Mashine isiyojua mkonge sasa inashiriki kuamua ni mchoro upi utasukwa Mwala. Je, akina mama wanalijua hilo? Na bei ikishuka ili tangazo lipande, ni nani kati yao anayelipa tofauti?

Kuhusu chapa, njia ipo. Wasusi wa Taita Taveta wana alama yao ya pamoja, Taita Basket, waliyoipata wakisaidiwa na WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu. Sheria ya Kenya inaruhusu alama za pamoja, na taasisi ya serikali ya KIPI ndiyo inayozisajili. Ukamba wenye sifa ya vyondo tangu enzi za mababu hauna sababu ya kubaki bila jina, na serikali ya kaunti ya Machakos ingefanya jambo la maana kuvishika mkono vikundi hivi hadi kaunta ya usajili.

Nawe msomaji, ukinunua kiondo mtandaoni kikakupendeza, rudi pale ulipokinunua uandike mistari miwili. Sema ni cha mkonge, kina ukubwa gani, unakitumia kwa nini, na taja Mwala au Masii kama ndiko kilikotoka. Hulipi chochote, na mnunuzi anayekuja nyuma yako ataisoma kabla ya kutoa pesa yake.